Mbwa ni mwenzi bora wa mazoezi: Jinsi ya kumzoesha, kumkinga na kuwaheshimu majirani

KATIKA maboma mengi humu nchini, mbwa huishi maisha ya aina moja. Mchana kutwa hufungwa mnyororo au kutiwa kibandani, na usiku hufunguliwa ili alinde mali. Langoni huwa kumetundikwa kibao cha kuwaonya wapita njia kwamba ndani mna mbwa mkali. Mwenye boma naye huamka alfajiri, akaabiri gari au matatu, akashinda ameketi ofisini, na akirejea jioni huketi tena mbele ya runinga. Hivyo basi, wawili hawa wanaoishi nyuma ya lango moja wana tatizo moja. Hawatembei.

Tatizo hilo lina tiba ambayo haihitaji ada ya ukumbi wa mazoezi wala mashine ya kukimbilia. Tiba yenyewe ni kufungua lango na kutoka pamoja kila siku. Hata hivyo, kutoka na mbwa si jambo la kukurupukia. Mbwa asiyechanjwa, asiyefunzwa au aliyelazimishwa kukimbia juani anaweza kuugua, kumdhuru mwenyewe au kumng'ata mtoto wa jirani. Makala haya yanafafanua manufaa ya mazoezi ya pamoja, maandalizi yanayohitajika, ratiba ya kuanzia na mambo ambayo mwenye mbwa hana budi kuyazingatia kila anapotoka nje ya lango lake.

Manufaa kwa binadamu

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Mazoezi ya wastani ni kama vile kutembea kwa kasi kiasi kwamba unaweza kuzungumza, ila huwezi kuimba. Anayetembea nusu saa kwa siku tano za wiki huwa ametimiza kiwango cha chini cha dakika hizo 150.

Umuhimu wa pendekezo hilo unadhihirika humu nchini. Utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka wa 2015 ulibaini kuwa takriban robo ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na shinikizo la damu. Kutembea kila siku ni miongoni mwa njia rahisi za kupunguza shinikizo hilo, kudhibiti sukari mwilini na kupunguza uzani.

Ugumu haupo katika kuanza, upo katika kuendelea. Watu wengi hununua viatu vya mchakamchaka mwezi wa Januari, na kufikia Machi viatu hivyo huwa vimeshika vumbi chini ya kitanda. Hapa ndipo mbwa anapokuwa na manufaa kuliko saa ya kuhesabu hatua au rafiki wa kibinadamu. Rafiki anaweza kukuarifu kuwa leo amechoka, nawe ukashukuru moyoni. Mbwa aliyekwisha kuzoea kutoka saa kumi na mbili asubuhi hatakuarifu hivyo. Saa hiyo ikiwadia, atasimama mlangoni, atalia, ataitazama kamba yake, na hatatulia hadi utoke. Hajui kwamba ni Jumapili wala kwamba ulilala ukiwa umechelewa.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, ulichunguza mamia ya familia katika eneo la Cheshire. Ulibaini kuwa waliofuga mbwa walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kutimiza kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, wakilinganishwa na wasiofuga. La kutia moyo zaidi ni kwamba matembezi hayo hayakuchukua nafasi ya mazoezi mengine, bali yaliongezwa juu yake.

Nchini Uswidi, watafiti walifuatilia rekodi za watu zaidi ya milioni 3.4 kwa muda wa miaka 12, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2017. Miongoni mwa watu wanaoishi pekee, waliokuwa na mbwa walikuwa na hatari ya kufariki iliyopungua kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasio na mbwa. Hata hivyo, matokeo haya yasichukuliwe kumaanisha kuwa mbwa ni dawa. Yamkini watu wenye afya njema ndio wanaopenda kufuga mbwa tangu mwanzo. Isitoshe, mbwa anayefungwa mnyororo mwaka mzima hawezi kumfaidi mwenyewe kwa njia hiyo.

Vivyo hivyo, anayemtuma mlinzi au mtumishi wa nyumbani kumtembeza mbwa asishangae akiona kwamba mlinzi ndiye anayepungua kitambi.

Manufaa kwa mbwa

Mbwa ni mnyama aliyeumbwa kusafiri kwa miguu. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walilinganisha damu ya binadamu, mbwa na mnyama mdogo wa jamii ya kicheche baada ya kukimbia. Waligundua kwamba kemikali za mwilini zinazoleta hisia ya furaha ziliongezeka kwa binadamu na kwa mbwa, lakini hazikuongezeka kwa yule mnyama wa tatu. Kwa maneno mengine, raha anayoipata mwanariadha baada ya kukimbia, mbwa naye huipata.

Mbwa anayenyimwa nafasi hiyo hutafuta njia nyingine za kutumia nguvu zake. Hubweka usiku kucha bila sababu, huchimba bustani, hutafuna viatu, na akiponyoka langoni hutimua mbio barabarani akimkabili kila anayekutana naye. Wengi humwona mbwa wa aina hiyo kuwa mkali kwa asili, ilhali mara nyingi ukali huo unatokana na woga na ugeni. Hajawahi kuona pikipiki kwa karibu, hajawahi kupita karibu na watoto wa shule, na kila kitu nje ya lango ni adui kwake. Mbwa anayetembezwa kila siku huzoea mambo hayo. Uwezo wake wa kulinda boma haupotei, kwa sababu anajua kutofautisha mpita njia na mgeni anayeruka ua saa nane za usiku.

Uzani nao ni suala zito. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa tangu wakiwa wadogo hadi walipokufa. Nusu yao walipewa chakula kilichopungua kwa asilimia 25 kikilinganishwa na walichokula wenzao. Wale waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwapata wakiwa wamechelewa. Ili kumpima mbwa wako, weka viganja ubavuni mwake. Unafaa kuzihisi mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu unafaa kuona kiuno. Ikiwa huzihisi mbavu, mbwa huyo amenenepa kupita kiasi na anahitaji kuanza polepole, sawa na binadamu mnene.

Maandalizi kabla ya siku ya kwanza

Jambo la kwanza ni daktari. Mwenye mbwa aliye na umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, au aliye na shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, amwone daktari wake. Mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo achunguzwe moyo, viungo, meno na nyayo.

La pili ni chanjo. Mbwa hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa anapofikisha umri wa miezi mitatu, na hapa nchini hurudiwa kila mwaka. Ziko pia chanjo za kumkinga dhidi ya maradhi mengine yanayoua, ukiwemo ugonjwa wa pavo ambao huwaharisha damu watoto wa mbwa. Mbwa ambaye hajakamilisha chanjo hizo hafai kutembezwa mahali ambapo mbwa wengine hupita. Hifadhi cheti cha chanjo mahali salama, kwa kuwa ndicho kitakachokutetea siku mbwa wako atakapomkwaruza mtu.

La tatu ni umri. Mifupa ya mbwa mchanga huendelea kukua hadi anapofikisha takriban mwaka mmoja, na kwa mbwa wakubwa kama vile German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, hadi mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo, acheze na atembee umbali mfupi, lakini asikimbizwe kilomita nyingi kwenye lami. Mbwa mzee naye hufaidika zaidi na matembezi mafupi mara mbili kwa siku kuliko safari moja ndefu. Jike aliye kwenye joto abakizwe nyumbani hadi kipindi hicho kipite, la sivyo utarejea ukiandamwa na madume wa mtaa mzima.

La nne ni aina ya mbwa. Mbwa wenye nyuso bapa, kama vile Pug na Bulldog, wana njia finyu za hewa na hushindwa haraka kupoza miili yao. Hawa watembee tu, tena wakati wa ubaridi. Japanese Spitz, ambaye ni maarufu katika mitaa ya Nairobi, ana manyoya mazito, hivyo jua la adhuhuri humwelemea. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye wengi humdharau, ni miongoni mwa wanaofaa zaidi. Ana miguu mirefu, manyoya mafupi, mwili mwembamba na amezoea hali ya hewa ya hapa. Asiye na mbwa anaweza kumchukua mmoja wa wale waliookolewa na chama cha kuwatunza wanyama, KSPCA, jijini Nairobi, badala ya kutumia maelfu ya fedha kununua mbwa wa kigeni.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Tafuta kamba imara yenye urefu wa takriban mita moja na nusu, na ukanda wa shingoni ambao vidole viwili vinaweza kupita chini yake. Kwa anayekimbia, ukanda wa kuzunguka kifua ni bora zaidi kwa kuwa haukabi koo. Mnyororo mzito wa chuma haufai kwa mazoezi, kwani humkwaruza mbwa na kuumiza kiganja cha anayeushika. Beba maji na kibakuli chepesi. Andika nambari yako ya simu kwenye ukanda wake ili akipotea arejeshwe.

Kumfunza kutembea kando yako

Mbwa aliyefungwa miaka mingi akitolewa kwa mara ya kwanza atavuta kamba kwa nguvu zake zote. Usimpige. Wahenga walisema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na kwa hakika mnyama huyu huiga tabia ya anayemwongoza. Anayemvuta, kumpigia kelele na kumchapa humfunza kwamba safari ni vita.

Anza ndani ya boma kwa siku kadhaa. Shika kamba, tembea hatua chache, na kila anapokuwa kando ya goti lako bila kuvuta, mpe kipande kidogo cha chakula anachokipenda na umsifu. Anapovuta, simama kimya. Usimfuate wala usimrudishe kwa nguvu. Kamba inapolegea, endelea na safari. Baada ya muda atagundua kuwa kuvuta hakumfikishi popote, ilhali kutembea kwa utulivu kunamfikisha anakotaka. Tumia maneno machache yasiyobadilika, kwa mfano “twende”, “simama”, “keti” na “acha”, na kila mtu wa nyumbani ayatumie hayo hayo. Ukimwambia “keti” leo, na kesho mtoto amwambie neno tofauti, mbwa atachanganyikiwa.

Mtoto asiachiwe mbwa aliye na nguvu kumliko. Atembee pamoja na mtu mzima, na kamba ishikwe na mtu mzima.

Ratiba ya wiki nane

Ratiba ifuatayo inamfaa mtu mzima asiye na maradhi pamoja na mbwa aliyekomaa.

Wiki ya kwanza na ya pili: Tembeeni dakika 15 hadi 20 kila siku, kwa mwendo wa kawaida. Mpe mbwa nafasi ya kunusa hapa na pale, kwani kwake kunusa ni sawa na kusoma habari za mtaa.

Wiki ya tatu na ya nne: Ongezeni hadi dakika 30 kwa siku tano za wiki. Dakika tano za mwanzo na za mwisho ziwe za mwendo wa polepole, na katikati mwendo wa kasi.

Wiki ya tano na ya sita: Kwa siku tatu za wiki, kimbieni mchakamchaka dakika moja kisha mtembee dakika nne, mkirudia mara sita. Siku nyingine tembeeni tu.

Wiki ya saba na ya nane: Katika zile siku tatu, kimbieni dakika mbili na kutembea dakika tatu, mara sita. Baada ya hapo mnaweza kuendelea kuongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo kila wiki.

Anayeamua kwamba kukimbia si kwake ana hiari ya kubaki kwenye matembezi ya nusu saa, kwani hayo pekee yanatosha kutimiza pendekezo la WHO. Kinachohesabika zaidi ni kutoruka siku. Mbwa anayelala kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha akakimbizwa kilomita 15 siku ya Jumamosi, huumia misuli na nyayo kama anavyoumia binadamu.

Daima kumbuka kwamba mbwa hujitahidi kumfuata mwenyewe hata anapochoka. Hawezi kusema kuwa goti linamuuma. Anapobaki nyuma, anapotaka kulala kivulini au anapochechemea, mazoezi ya siku hiyo yameisha.

Jua, joto na lami

Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi chache tu za jasho, nazo zipo kwenye nyayo, hivyo hutegemea kutweta ili kujipoza. Joto la kawaida la mwili wake huwa takriban nyuzi 38 hadi 39. Likifika nyuzi 41 au zaidi, uhai wake umo hatarini.

Kwetu hapa karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Nyakati zinazofaa ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja jioni. Mkazi wa Limuru au Nyahururu, kuliko na baridi, anaweza kuongeza muda. Mkazi wa Mombasa, Garissa, Lodwar au Kisumu hana budi kuwahi mapema, kwani unyevu wa hewa na joto humzidi mbwa nguvu hata kabla ya saa tatu.

Kabla ya kukanyaga lami, weka nyuma ya kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Tafuta njia ya udongo au nyasi.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kutweta kusikokoma, mate mazito, ufizi mwekundu kupita kiasi, kuyumbayumba, kutapika na hatimaye kuzirai. Mpeleke kivulini mara moja, mmwagie maji mwilini, hasa tumboni na mapajani, mpepee, mpe maji ya kunywa akiwa na fahamu, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Anza kumpoza kabla ya safari ya kwenda kwa daktari, kwani dakika za mwanzo ndizo zinazomwokoa.

Kuhusu chakula, usimlishe mbwa kisha ukamkimbiza papo hapo. Mbwa wakubwa wenye vifua vyenye kina kirefu wanaweza kupatwa na tatizo la tumbo kujaa hewa na kujipinda, hali inayoua kwa muda wa saa chache. Ni heri kufanya mazoezi kwanza, kumpumzisha hadi atulie, kisha kumpa ugali wake.

Mkirejea nyumbani, mkague. Tazama katikati ya vidole vyake kama kuna miiba, vipande vya chupa au funza. Pekua masikioni na makwapani utafute kupe, kwani wadudu hawa huambukiza maradhi ya damu yanayowaua mbwa wengi humu nchini. Katika maeneo yenye vichaka na mawe, mzuie kuingiza pua katika mashimo, maana huenda humo mna nyoka.

Mahali pa kutembea na masharti yake

Jijini Nairobi, msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, ni kivutio kikubwa kwa wanaotembea na mbwa. Huu ndio msitu ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mnamo Januari 1999. Humo mna njia za udongo zenye kivuli zinazowafaa waendao kwa miguu, wakimbiaji na mbwa wao, mradi mbwa wawe wamefungwa kamba. Sharti la kamba lina sababu yake, kwa kuwa msituni humo mna paa, tumbili na wanyama wengine wadogo. Katika mbuga za kitaifa, ikiwemo Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi kabisa, kwani wanaweza kuwaambukiza au kuambukizwa maradhi na wanyamapori.

Asiyeishi karibu na msitu asikate tamaa. Njia za mashambani, viwanja vya michezo wakati ambapo hakuna wachezaji, na barabara za ndani za mtaa zinatosha. Anayetoka kabla ya mapambazuko avae nguo ya rangi nyangavu ili madereva na waendeshaji bodaboda wamwone, na atembee upande unaomwezesha kuyatazama magari yanayomjia.

Sheria na haki ya jirani

Kulingana na Mpangilio wa Nne wa Katiba ya mwaka wa 2010, udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, ni majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo, ulizia katika ofisi ya mifugo ya kaunti yako kuhusu leseni na masharti yanayotumika. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, huwapa maafisa uwezo wa kuwadhibiti mbwa katika maeneo yenye ugonjwa huo, nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kumtesa mbwa kuwa kosa.

Mbali na sheria, kuna utu. Si kila mtu anayependa mbwa, na wengi wana sababu. Yupo aliyewahi kung'atwa utotoni. Yupo pia jirani Mwislamu ambaye, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi katika Pwani yetu, mate ya mbwa yakimgusa hulazimika kujitakasa kwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo. Akiwa njiani kuelekea msikitini, kuguswa na pua ya mbwa wako ni usumbufu mkubwa kwake. Unapokutana na mtu, fupisha kamba, sogea kando na umweke mbwa upande wa pili wako. Maneno kwamba “hang'ati huyu” hayamtulizi mtu aliyejawa na hofu.

Kinyesi nacho ni wajibu wa mwenye mbwa. Kina mayai ya minyoo inayoweza kuwaambukiza watoto wanaocheza mchangani. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, njia rahisi ni kubeba magazeti makuukuu au koleo dogo, ukakizoa na kukizika au kukitia katika pipa la taka.

Mkikabiliwa na mbwa koko, usikimbie, kwani kukimbia humchochea akufukuze. Simama, usimtazame machoni, mweke mbwa wako nyuma yako na urudi nyuma polepole. Mara nyingi kuinama kana kwamba unaokota jiwe hutosha kumfanya asite.

Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa barani Afrika na Asia. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na kung'atwa au kukwaruzwa na mbwa, na kati ya kila waathiriwa 10, wanne ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Mwaka wa 2014, Kenya ilizindua mpango wa kuangamiza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia mwaka wa 2030. Nguzo kuu ya mpango huo ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Mtu aking'atwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 mfululizo, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo apate chanjo. Asipake majani, mafuta wala pilipili, na asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Akipewa ratiba ya sindano, aikamilishe yote.

Kwa sababu hiyo, mwenye mbwa anayemchanja mnyama wake kila mwaka na kumtembeza akiwa amefungwa kamba anailinda familia yake na pia mtoto wa jirani ambaye hana habari naye. Anayetaka kuanza kesho hana haja ya kununua viatu vipya kwanza. Na atazame tarehe iliyo kwenye cheti cha chanjo cha mbwa wake. Ikiwa mwaka umepita, safari ya kwanza ya pamoja iwe ya kwenda kwa daktari wa mifugo.